Chembe Nano Si Chipu

Mwaka 2021 zilisambaa video za watu wakibandika sarafu au sumaku begani, pale palipodungwa sindano ya korona. Sarafu ikinasa, mwenye kurekodi alitangaza ushindi: mmeona, wametiwa chipu. Wimbi lile lilipita, lakini imani yenyewe haikuondoka, ilibadili jina tu. Siku hizi inaitwa "nano". Mtu akisikia kwamba wanasayansi wanatengeneza chanjo za korona kwa chembe nano, anawaza mtambo mdogo unaotembea kwenye damu na kupeleka habari zake kwa wakubwa wa dunia. Nimeyasikia haya kwenye daladala, nimeyasikia msibani, na nimeyasikia kwa watu wenye shahada.

Imani hiyo ni ya uongo. Tukiendelea kuinyamazia kwa heshima, watakaolipa ni watoto wetu.

Tuanze na neno lenyewe. Nano ni kipimo. Ukigawa milimita moja katika vipande milioni moja, kila kipande ni nanomita moja. Chembe nano ni chembe yoyote ndogo kiasi cha kupimwa kwa nanomita, iwe ya mafuta, ya protini au ya dhahabu. Kirusi cha korona chenyewe kina upana wa nanomita 100 hivi. Kila aliyeugua UVIKO-19 alibeba chembe za ukubwa huo mwilini kwa wingi usiohesabika, na hakuna aliyemdunga.

Chipu nayo tuipime kwa akili ya kawaida. Kifaa kinachotuma habari kinahitaji umeme na antena. Simu yako ina betri ya kujaa kiganja, unaichaji kila siku, na bado mtandao unakatika ukiingia chumba cha ndani. Kitu kidogo kuliko kirusi, kisicho na betri, kilichozama kwenye nyama ya bega, kitatuma habari kwa nguvu gani? Na anayetaka kujua ulipo ana haja gani ya sindano, ilhali laini yako imesajiliwa kwa alama za vidole na simu hulali mbali nayo?

Lakini hoja kubwa kuliko zote iko kwenye kabati lako, ndani ya kadi ya kliniki ya mwanao. Mtoto wa Tanzania au Kenya hudungwa chanjo ya penta akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Ndani yake mna chanjo ya homa ya ini aina ya B. Chanjo hiyo ni chembe ya protini yenye upana wa nanomita 22 hivi, na teknolojia ya kuizalisha ndani ya hamira, ndugu wa hii tunayoumulia maandazi, iliidhinishwa Marekani mwaka 1986. Zaidi ya miaka 20 sasa watoto wetu wanachanjwa homa ya ini. Wamekua, wamesoma, wameoa na kuolewa. Wako wapi waliogeuka mitambo?

Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, waliyoanza kupewa wasichana wa Tanzania mwaka 2018 na wa Kenya mwaka 2019, ni ganda la protini la ukubwa wa kirusi, tupu ndani. Chanjo za malaria ni hivyo hivyo. R21, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2023, ni ile chembe ya homa ya ini iliyobandikwa kipande cha kimelea cha malaria. Ilijaribiwa kwa watoto wa Burkina Faso na Mali, na pia wa Kilifi na Bagamoyo. Kiamsha kinga chake, yaani kiungo cha kuipa chanjo nguvu, hutokana na gome la mti wa Chile uitwao quillaja, na ndicho kiamsha kinga kinachotumika katika chanjo ya korona ya Novavax. Kwa hiyo anayesema chembe nano ni jaribio geni lililobuniwa kwa ajili ya korona, amelala usingizi wa miaka mingi.

Kwa nini wataalamu wanazipenda chembe hizi? Askari wa mwili huutambua mpangilio. Juu ya kirusi, miiba ya aina moja hujirudia bega kwa bega. Protini moja ikielea peke yake, mwili huweza kuipuuza. Ukiipanga nakala 60 juu ya chembe moja, mwili unaona sura ya adui na kujiandaa, ingawa ndani hamna kirusi wala kitu cha kuzaliana. Chanjo iliyobuniwa hivyo katika Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, iliidhinishwa Korea Kusini Juni 2022.

Katika maabara ya mtafiti Pamela Bjorkman kwenye chuo cha Caltech, California, watafiti wamekwenda mbali zaidi. Juu ya chembe moja wamebandika vipande vya miiba ya virusi 8 tofauti vya jamii ya korona, kwa gundi ya protini iliyobuniwa Oxford. Seli inayozalisha kingamwili hushika vizuri zaidi ikitumia mikono miwili. Hapa kila kipande na jirani yake ni tofauti, kwa hiyo mikono yote miwili hupata pa kushika pale tu vipande vinapofanana. Na panapofanana ndipo virusi hushindwa kubadilika kwa urahisi. Mwaka 2022 walitangaza kwamba panya na kima waliochanjwa hivyo walikingwa dhidi ya kirusi cha SARS cha mwanzo, ambacho kipande chake hakikuwamo katika chanjo. Kazi hiyo bado haijawa chanjo ya hospitalini. Lakini inafungua njia ya kumkinga mtu na ugonjwa ambao bado haujapewa jina.

Ugonjwa huo si ndoto. Mwaka 2002 ilizuka SARS, ikaua watu 774. Mwaka 2012 ikazuka MERS huko Saudi Arabia, na kati ya wagonjwa waliothibitishwa, kama mmoja kwa kila watatu alifariki. Mwaka 2019 ikazuka UVIKO-19. Hiyo ni mara tatu kwa jamii ya korona katika miaka isiyozidi 20. Virusi vya MERS vimepatikana pia kwa ngamia wa Marsabit, kaskazini mwa Kenya, ambao watu huwakamua na kuwachunga kila siku. Hatari imefungwa zizini mwetu, nasi tunabishana kuhusu sumaku.

Sisemi wananchi wameze kila wanachoambiwa. Chanjo zina madhara yake, na mengine, kama uvimbe wa misuli ya moyo uliowapata baadhi ya vijana waliopewa chanjo za mRNA, ni nadra lakini ni ya kweli. Tuna haki ya kuuliza nani alifuatilia, kwa muda gani, na nani atawajibika. Tuulize pia kwa nini Machi 2021, India ilipobana usafirishaji wa chanjo, Afrika ilibaki mikono mitupu. Watoto wa Kilifi na Bagamoyo walidungwa katika majaribio, lakini chanjo ya R21 inatengenezwa India. Chanjo ya korona zote ikipatikana, itatengenezwa wapi, na sisi tutakuwa wa ngapi kwenye foleni? Hayo ndiyo maswali ya mtu mwenye macho. Anayekushughulisha na chipu anakunyima nafasi ya kuyauliza.

Ndugu msomaji, leo ukifika nyumbani itoe kadi ya kliniki ya mwanao. Tazama tarehe zilizoandikwa kwenye mistari ya penta. Kila tarehe hapo ni siku ambayo chembe nano iliingia mwilini mwake, na ikamwachia kinga.