KADI YA MTOTO ISIBAKI STESHENARI (Sehemu ya 3)

Mama zangu, na akina baba mliopo, leo naongea kwa uchungu.

Mama ana kichanga mkononi, anaomba cheti cha kuzaliwa mtandaoni. Anapiga picha kadi ya kliniki, anaipakia, mfumo unajibu: "Faili ni kubwa mno." Basi, haumwambii afanyeje. Anaenda steshenari, analipa, na kadi yenye jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa na jina lake inabaki kwenye kompyuta ya mtu asiyemjua. Sisi wodini faili la mgonjwa haliachwi mezani hivi hivi!

Ninyi mnaotengeneza mifumo, kupunguza picha ni kazi ya mashine, si ya mzazi. WhatsApp inapunguza picha kila siku na haimtumi mtu steshenari. Ninyi mnashindwa nini?

Wengine mtasema mama ajifunze. Sawa, atajifunza. Lakini kwa nini uvivu wa mfumo alipie yeye?

Mpaka wabadilike, fanya hivi kwenye simu yako:

1. Kata pembeni, ibaki kadi tu, meza na kanga vitoke.
2. Jitumie WhatsApp kama picha ya kawaida, si HD wala dokumenti, kisha ihifadhi. Picha ya MB 4 mara nyingi inashuka chini ya MB 1.
3. Bado kubwa? Punguza upana na urefu nusu, pikseli zitabaki robo.
4. Ikuze usome kila namba. Isiposomeka, umepunguza mno.

Mtumie na mama mwenzio.