Laptopu ya gemu: mnunuzi wa mpakani aambiwe ukweli

Kila anayevusha laptopu zilizotumika kupitia Busia au Malaba analijua swali la wateja vijana: "Hii inacheza gemu?" Jibu jepesi ni kwamba inacheza, na ikishindwa fundi ataiongezea kadi ya michoro. Jibu hilo huuza leo na kuua biashara kesho.

Katika laptopu nyingi, chipu ya michoro imo ndani ya prosesa au imechomelewa kwenye bodi kuu. Haichomolewi kama betri. Zipo chache, hasa zile nzito za kazi za uhandisi, zenye kadi ya kubadilishwa, lakini nazo hukubali kadi zinazopatana na bodi, feni na chaja zake tu. Njia nyingine ni kadi ya nje, iliyo kwenye kisanduku chake na kuunganishwa kwa tundu la Thunderbolt. Hiyo hufanya kazi, ila mnunuzi hugharamia kisanduku, kadi na umeme wake. Kwa fedha hizo, mara nyingi kompyuta ya mezani ingemfaa zaidi, kwa kuwa nyingi zina nafasi ya kadi.

Yapo yanayowezekana. Chipu iliyo ndani ya prosesa hutumia RAM ya mashine. Laptopu yenye kipande kimoja cha GB 4, ikiwekewa viwili vya GB 8 vinavyolingana, huweza kupata nafuu ya kuonekana. SSD huifanya gemu ifunguke upesi, lakini haiongezi nguvu ya michoro. Kusafisha feni na kubadilisha pasta ya joto huizuia mashine kupunguza kasi inapochemka. Muuzaji aseme hayo, asiahidi zaidi.

Mpaka nao hukuza hasara. Kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, kimerahisisha uvukaji wa mizigo, lakini dhamana ya duka la Nairobi haivuki nayo. Wapo pia wanaodhani kila mzigo mdogo huvuka kwa cheti rahisi cha uasili. Cheti hicho ni cha bidhaa zisizozidi dola 2,000, zilizo kwenye orodha na zenye asili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Laptopu iliyotengenezwa China haipati asili hiyo kwa kununuliwa Nairobi. Mteja wa Mwello, Tororo, akidanganywa, kurudisha mashine kunamgharimu nauli, siku ya kazi na maswali ya forodha.

Wapo watakaosema kwamba msema kweli atamwachia jirani mteja. Huenda akampoteza mmoja. Lakini mtaji wa mpakani husimama juu ya mteja anayerudi na kumleta nduguye. Mwenye kudanganywa huleta ugomvi.

Dawa si ngumu. Risiti iandike jina la chipu ya michoro, kiasi cha RAM na kama inaongezeka. Gemu anayoitaka mteja ijaribiwe kabla ya pesa kutoka mfukoni. Vyama vya wafanyabiashara wa pande mbili vikubaliane juu ya dhamana fupi, hata ya siku 30, inayoheshimiwa na mafundi wa Busia zote mbili. Soko la pamoja lililoanza 2010 halitakuwa la pamoja kwa mnunuzi mdogo ikiwa bidhaa inavuka mpaka na wajibu wa muuzaji unabaki nyuma.