Haki Huanzia Mezani pa Mhasibu



Tumezoea kumlaumu askari tunayekutana naye. Ni mara chache tunaifikiria ofisi inayomgawia mafuta, karatasi na posho. Hapa Isongole, mpakani mwa Malawi, aliyeibiwa ng'ombe hawezi kungoja: mwizi huvuka mpaka usiku uleule. Kituo kikikosa mafuta, mlalamikaji huweza kuombwa ayanunue. Mwenye fedha husikilizwa; mjane hurudi nyumbani na machozi yake.

Mwaka 1996 Tume ya Jaji Joseph Warioba ilitofautisha rushwa itokanayo na kipato duni na ile ya wakubwa wenye uroho. Sisi hatuihalalishi hata moja. Yohane Mbatizaji aliwaagiza askari waridhike na mishahara yao (Lk 3:14). Lakini ni wajibu wa Serikali kuhakikisha kwamba mishahara inatosha na vitendea kazi vinafika.

Kwa hiyo, viongozi wa jumuiya ndogondogo, tumwulize mbunge wetu fedha za polisi zilizopitishwa bungeni zinafikaje vituoni. Tusilipe chochote kisichokatiwa stakabadhi. Tuwafundishe waamini kwamba dhamana ya polisi haiuzwi. Haki inayonunuliwa kwa lita ya mafuta si haki tena.