Laini Binafsi Si Kufuli

Katika vikao vya bodi za mabenki na kampuni za bima kuna kauli moja inayofunga mjadala upesi: "Tutaunganisha kituo chetu cha data na wingu kwa laini binafsi. Haipiti intaneti, kwa hiyo ni salama." Wajumbe wanaafiki, bajeti inapita. Imani hiyo ni potofu, tena ni ghali.

Laini hiyo Amazon wanaiita Direct Connect, Microsoft ExpressRoute, Google Cloud Interconnect. Ukiyaweka majina kando, unabaki na uzi mwembamba wa faiba, aghalabu wa njano, unaochomekwa kwenye rauta ya mwenye wingu ndani ya jengo ambalo mara nyingi si lako wala si lake. Kutoka hapo hadi ofisini kwako data hupitia mitambo ya kampuni ya simu. Na hupita uchi. Amazon wenyewe wanaeleza katika miongozo yao kwamba laini hiyo haisimbi data inayosafiri. Mteja ndiye anayetakiwa kuweka usimbaji wa MACsec, au VPN juu ya laini hiyohiyo. Naam, VPN ileile ambayo vikao hivyo huibeza kuwa ni ya wanyonge.

Watasema basi, angalau haikatiki. Mei 12, 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikasuasua Dar es Salaam hadi Nairobi. Laini ya kukodi iendayo Johannesburg au Cape Town kwa mkongo uliokatika haina kinga yoyote kwa sababu tu inaitwa binafsi. Afadhali hata intaneti ya umma, ambayo huhangaika kutafuta njia nyingine. Laini isiyo na mbadala hubaki mfu mpaka meli ya matengenezo ifike.

Nchi kavu hali si tofauti sana. Kampuni inalipia laini mbili kwa watoa huduma wawili, kumbe nyaya zote zimelazwa katika mtaro mmoja kando ya barabara, na katapila moja linatosha kuzikata. Ahadi ya Amazon ya huduma kupatikana kwa asilimia 99.99 inadai miunganisho katika maeneo mawili tofauti, na si kwa bahati mbaya.

Sikatai kwamba laini hizi zina kazi. Anayehamisha data nyingi kila usiku atafaidi kasi isiyoyumba na bei nafuu ya kutoa data winguni. Mwenye mifumo miwili midogo atalipia tundu la rauta saa baada ya saa, hata likiwa tupu.

Kwa hiyo, meneja wa TEHAMA, kabla hujasaini mkataba, mwambie muuzaji akuonyeshe ramani ya mitaro na mikongo anayotumia, na akueleze nani anashika funguo za usimbaji. Akikwambia ramani ni siri ya kampuni, usisaini.