Kuharisha kumekoma, mbona tumbo la mtoto limejaa?

MASIKA yakianza, wazazi wa Pasua na kata nyingine za Moshi wanajua kinachofuata: vyoo vya shimo vinajaa, maji machafu yanatiririka na watoto wanaanza kuharisha. Wengi wanajua kumpa mtoto maji mengi. Lakini ipo hatari ya pili, nayo huja siku ambayo mama anadhani mwanawe amepona.

Mtoto ameharisha siku tatu au nne, ghafla choo kinakoma. Tumbo limejaa, mtoto amelegea na anatapika. Bibi anasema ni minyoo, jirani anashauri dawa ya kuendesha. Hapo ndipo makosa hutokea.

Ukuta wa utumbo una misuli laini inayosukuma chakula bila sisi kuiamuru. Ndani ya seli zake kuna potasiamu nyingi, nje ipo kidogo. Neva zikitoa kemikali iitwayo asetilikolini, milango midogo ya seli hufunguka, kalsiamu huingia na msuli hujikunja. Kisha potasiamu hutoka, msuli hulegea na kusubiri ishara nyingine. Kazi yote hiyo inategemea tofauti ya potasiamu kati ya ndani na nje ya seli.

Kuharisha hupoteza potasiamu pamoja na maji. Ikipungua sana, misuli haiitikii tena ishara na utumbo hupooza. Kwa hiyo choo kikikoma namna hiyo, huenda si kupona.

Dawa ya kuendesha, iwe ya dukani au ya mitishamba, huuchochea utumbo na kutoa maji zaidi, hivyo huongeza upotevu uleule. Loperamidi, inayotumika kufunga kuharisha, hupunguza asetilikolini na inaweza kuuzima utumbo kabisa. Mtoto mdogo asipewe.

Kinga ipo kwenye pakiti ya ORS. Kwa mchanganyiko uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, kila lita ina gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu. Maji ya sukari na chumvi ya jikoni husaidia pakiti inapokosekana, lakini hayana potasiamu. Kwa hiyo yasikufanye uache kuitafuta pakiti. Soma kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, usikadirie. Ongeza vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, kwa dozi utakayoelekezwa.

Usimnyime mtoto chakula. Anayenyonya aendelee kunyonya. Aliyeanza kula apewe ndizi mbivu au mtori laini usio na mafuta mengi: ndizi zina potasiamu, na kwa kuwa mtori huliwa pamoja na maji yake, haimwagwi.

Lakini usimnunulie vidonge vya potasiamu kwa kubahatisha. Ikizidi mwilini inaweza kusimamisha moyo, hasa figo zikiwa zimechoka kwa kukosa maji. Hospitali hupima damu kwanza.

Mzazi, ukiona tumbo limejaa baada ya kuharisha, mtoto hatoi choo wala hewa, anatapika, macho yamezama au hakojoi, usisubiri asubuhi. Mpeleke kituo cha afya, na umweleze mhudumu kila dawa uliyompa, hata ile ya bibi.