Tuchonge, Tuchape

Toleo hili lote tumeipa sanaa ya kuchapa picha: kuchonga kibao, kukwaruza bamba la shaba, kupaka wino, kukandamiza karatasi. Wapo waliouliza kwa nini sanaa hii, wakati makazi ya wakimbizi ya Kenani na Mantapala yana shida nyingi zinazosubiri. Naona hakuna sanaa inayowafaa zaidi watu waliovuka mpaka na mzigo wa kichwani. Waliofika hapa Nchelenge, Zambia, tangu 2017, wakikimbia vita vya majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika huko Kongo, waliacha picha zao ukutani. Picha iliyo moja tu ikiungua, imekwisha. Ya chapa huzaliwa pamoja na ndugu zake. Nakala ya Pweto ikipotea, nyingine ipo Kashikishi kwa shangazi.

Wala ufundi huu si mgeni kwetu. Nenda sokoni Kashikishi uangalie vikwembe. Kitambaa cha nta kilianza kwa Waholanzi kuiga batiki za Java. Miaka ya 1850, Prévinaire wa Haarlem alitumia mashine kuchapa utomvu kwenye kitambaa, na baadaye viwanda vikaifanya kazi hiyo kwa rola za shaba zilizochongwa nakshi. Utomvu huzuia nili isipenye. Ukikauka hupasuka, na nyufa zake huacha vile vimistari vyembamba ambavyo mama zetu huvikagua kabla ya kutoa pesa. Hapo ndipo ninapoumia. Katanga watu waliyeyusha shaba karne nyingi kabla ya kampuni za migodi, na misalaba midogo ya shaba imefukuliwa makaburini Sanga, katika bonde la Upemba. Sisi tuliozaliwa juu ya shaba tumevaa miaka na miaka nakshi zilizochongwa kwenye shaba na mikono ya mbali, za maua na ndege tusiowachagua. Nataka mikono yetu nayo ichonge.

Waliotutangulia wapo. Henry Tayali, Mzambia aliyesoma Makerere kisha Düsseldorf, aliacha picha za kibao zilizojaa umati wa watu wa kawaida. Dar es Salaam, katika Nyumba ya Sanaa iliyoanzishwa 1972, George Lilanga na Robino Ntila walihamishia mashetani na viumbe vya uchongaji wa Kimakonde kwenye bamba na karatasi. Uganda, Fred Mutebi hukichonga kibao kile kile tena na tena, rangi baada ya rangi, hadi kibao chenyewe kinaisha na hakuna awezaye kuongeza nakala.

Lakini ninayempenda kuliko wote ni John Muafangejo. Alizaliwa 1943 upande wa Angola, akavuka kumfuata mama yake Namibia, katika nchi ya Wakwanyama ambao mpaka uliwakata katikati kama ulivyotukata sisi wa Ziwa Mweru na Mto Luapula. Alijifunza Rorke's Drift, Afrika Kusini, akachonga linoleamu, nyeusi kwa nyeupe, bila kuficha kitu: misiba, ibada, vita, upweke wake mwenyewe. Na aliandika ndani ya picha. Fikiria kazi hiyo: kila herufi huchongwa kinyume, ili karatasi ikibanduliwa isomeke sawasawa. Mtu hafanyi hivyo kwa pambo. Anataka mambo aliyoyaona yafike kwa wasiokuwepo. Alifariki 1987, mwaka ule ule aliofariki Tayali, ambaye naye alizaliwa 1943.

Tena linoleamu haikutengenezwa kwa wasanii. Ni tandiko la sakafu lililobuniwa Uingereza miaka ya 1860. Fundi asiye nayo hutumia ubao laini, ananoa ubavu wa mwavuli uwe kisu cha kuchongea, na mashine ya kukandamiza haihitaji: mgongo wa kijiko, ukisuguliwa kwa subira juu ya karatasi, hutosha.

Kuna wanaosema nakala si sanaa, ni kivuli cha sanaa. Nawapinga. Mchapaji huamua mapema atatoa nakala ngapi, huandika kwa penseli 3/20, yaani ya tatu kati ya ishirini, na jina lake, na kila moja imepitia mkononi mwake. Tofauti ni kwamba picha ya rangi ya mafuta huishia ukutani kwa mwenye fedha, na hizi ishirini zaweza kununuliwa na mwalimu, mvuvi na mchuuzi wa samaki wa chisense.

Kurasa za mazoezi zinahusu kibao na linoleamu tu. Uchoraji wa shaba kwa tindikali tumeueleza kwa historia yake, bila vipimo, kwa sababu mvuke wake huunguza mapafu na nyumba zetu hapa ni ndogo, zina watoto. Anayetaka shaba aanze kwa kukwaruza bamba kwa sindano. Shida itakuwa moja, maana bamba hilo linataka mashine, na kijiko hakina nguvu ya kuuvuta wino kutoka kwenye mikwaruzo.