Fantasy si mkeka: Mbinu za kupanda jedwali bila kuchoma pesa ya kikundi

Jumatatu asubuhi, kabla hata chai haijapoa, vikundi vya WhatsApp vya Fantasy huku Gusii huwa vimewaka moto. Kuanzia Daraja Mbili mjini Kisii hadi Keroka, mji ambao upande mmoja ni Kisii na mwingine ni Nyamira, stori ni moja: nani alimpa nani ukapteni, na nani aliacha pointi 14 zikaozea benchi.

Mchezo wenyewe, Fantasy Premier League, ni wa bure. Unapewa pauni milioni 100 za kuigiza, unanunua wachezaji 15, na huruhusiwi kuchukua zaidi ya watatu kutoka klabu moja. Lakini mtaani haujabaki wa bure. Vijana wanaunda ligi zao, kila mtu anatuma mchango kwa M-Pesa, na Mei mshindi anabeba chungu chote. Watu 20 wakitoa Sh1,000 kila mmoja, hiyo ni Sh20,000. Kwa msee wa boda au mwanafunzi wa chuo, hizo si pesa za kuchezewa.

Na hii haijatokea hewani. Mwaka 2025 serikali ilikaza kamba: mwishoni mwa Aprili bodi ya kamari ilisimamisha matangazo ya kubeti kwa siku 30, kisha Agosti Rais William Ruto akatia saini sheria mpya ya kudhibiti kamari. Waliochoka kuliwa na mkeka wanaona Fantasy kama mlango salama. Ni salama kiasi, mradi tabia za mkeka uziache nje. Mkeka unaisha kwa dakika 90. Fantasy ina wiki 38, na hapo ndipo wengi huteleza.

Kwanza, jua saa yako

Timu hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya wiki. Mechi ya Jumamosi inayoanza saa sita na nusu mchana kule Uingereza inamaanisha mlango unafungwa saa nane mchana kwetu, wakati wa baridi yao. Lakini Jumapili ya mwisho ya Machi wanasogeza saa mbele, na kuanzia hapo ni saa saba. Ukizoea saa nane, lisaa hilo moja litakula msimu wako. Na wiki zinazoanza Ijumaa usiku ndizo hunasa watu zaidi.

Pili, punguza mikono

Kila wiki una uhamisho mmoja wa bure. Ukiongeza mwingine bila akiba, unakatwa pointi 4. Fanya hivyo mara moja kila wiki mbili, na kufikia mwisho wa msimu umetupa pointi 76. Ligi nyingi za mtaa huamuliwa kwa pengo dogo kuliko hilo.

Usipotumia uhamisho, unawekewa akiba hadi ufike 5. Mkulima wa chai Nyamira anaelewa hii bila kufundishwa: kichaka hukichumi kila siku, unakipa muda kichipue. Kabla ya kukubali kukatwa, jiulize kama huyu anayeingia atamzidi anayetoka kwa zaidi ya pointi 4. Kama jibu ni "labda", tulia.

Tatu, ukapteni ni hesabu, si mapenzi

Kapteni hupata pointi mara mbili. Msimu wa 2024/25 Mohamed Salah alimaliza na pointi 344, rekodi ya mchezo huu. Cheki hapa: kuwa naye hakukukupaisha sana, kwa sababu kila mtu alikuwa naye. Aliyezama ni yule aliyemkosa. Msimu uliofuata akaanza na bei ya pauni milioni 14.5, na kufikia Disemba magoli yalikuwa haba. Waliomng'ang'ania kwa sababu ya jina walilipia kumbukumbu.

Kwa hivyo angalia uko wapi kwenye jedwali lenu. Ukiongoza, mpe ukapteni yule ambaye wapinzani wako pia watampa. Wakipata, nawe umepata, na pengo linabaki palepale. Ukiwa nyuma kwa pointi 60, kuiga hakutakufikisha. Hapo ndipo unatafuta kapteni tofauti, mwenye mechi nzuri nyumbani.

Nne, usidharau mabeki wa bei poa

Msimu wa 2025/26 sheria ilibadilika. Beki akifikisha vitendo 10 vya ulinzi kwenye mechi, yaani kuondoa mpira, kuzuia, kunasa pasi na kupokonya, anapata pointi 2 za ziada. Viungo na washambuliaji wanahitaji 12, na wao wanahesabiwa pia mipira waliyoirudisha. Maana yake, beki wa kati wa timu inayoshambuliwa mchana kutwa ana faida hata ikifungwa. Nunua wawili wa aina hiyo, na pesa inayobaki peleka mbele.

Tano, chipsi hazihifadhiwi milele

Si zile za viazi. Msimu wa 2025/26 kila mmoja alipewa Wildcard, Free Hit, Bench Boost na Triple Captain mara mbili, seti moja kwa kila nusu ya msimu. Zile za kwanza ambazo hazikutumika zilienda na maji. Za nusu ya pili usizimwage kwa hasira baada ya wikendi mbaya. Vikombe vya Uingereza husukuma mechi za ligi mbele, na baadaye kunakuwa na wiki ambazo timu fulani zinacheza mara mbili. Hiyo ndiyo siku ya Bench Boost na Triple Captain.

Sasa tuongee chapaa

Unaweza kufanya yote haya na bado utoke mikono mitupu kama aliyeshika mchango amezima simu. Premier League haiijui ligi yenu ya pesa, wala haitawatetea. Kwa hivyo andikeni masharti kabla ya mpira kuanza: kiasi, siku ya mwisho ya kulipa, na mkifungana pointi mtagawanaje. Pesa ikae kwa akaunti ya chama ambayo haitoki bila sahihi za watu kadhaa, isikae kwa simu ya mtu mmoja hata kama ni binamu yako.

Tengeni pia zawadi ndogo ya kila mwezi. Mtu akiona Disemba kwamba hawezi kushinda Mei, anaacha timu inajiendea, na ligi inakufa. Na mchango usitoke kwa pesa ya HELB wala ya mkopo wa pikipiki. Ikiwa kuipoteza kutakunyima usingizi, wacha. Cheza bure, vijembe bado vitakuwa vitamu.

Mashabiki wa Shabana, wale wa Tore Bobe, walingoja miaka 17, tangu timu iteremke 2006 hadi iliporudi ligi kuu 2023. Wewe unaombwa wiki 38 tu. Weka alarm ya Jumamosi, saa nzima kabla ya timu kufungwa, na usiguse kapteni ukiwa na hasira.